Meya akisema bei hazimhusu, muulizeni kuhusu bei anazozipanga yeye

Swali: Mtaalamu, mimi ni fundi cherehani. Nina fremu moja, mashine tatu na mabinti wawili ninaowalipa kila wiki. Pango limepanda, umeme umepanda, uzi umepanda, na nauli ya mabinti nayo imepanda. Sisi wafanyabiashara wadogo wa mtaa tulikwenda kumwona meya, akatuambia kwamba bei zinatoka nje na jiji halina uwezo wa kuzishusha. Anasema kweli? Na kama kuna jambo jiji linaweza kufanya, tudai lipi?

Jibu: Dada yangu, meya wenu amewapa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani mikono mitupu. Ni kweli jiji halipangi bei ya uzi, wala ya mafuta, wala thamani ya sarafu. Mambo hayo yako kwa benki kuu na hazina ya taifa, na mengine yako kwenye masoko ya dunia ambako hata serikali za nchi nyingi hazina sauti. Diwani akiwaahidi kushusha bei za dukani, anawaahidi kitu ambacho hakimo mkononi mwake.

Sasa chukua daftari lako la matumizi. Andika kila unachokilipa kwa mwaka mzima, halafu weka alama pembeni ya kila gharama ambayo jiji limeipanga lenyewe. Leseni ya biashara. Ada ya taka. Ushuru wa bango la mlangoni. Ukaguzi wa zimamoto. Maji, kama mamlaka ya maji ni ya jiji. Faini ya siku ile ulipoweka meza nje ya mstari. Kisha andika zile zisizo na risiti, yaani siku ulizofunga fremu ili ukafuatilie karatasi, na nauli ya kwenda na kurudi. Nimefanya kazi ya bajeti za miji kwa miaka mingi, na zoezi hili huwashangaza hata wahasibu wa jiji wenyewe. Kila idara inaijua ada yake tu. Anayeziona zote kwenye ukurasa mmoja ni yule anayezilipa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kabla hamjaomba ruzuku yoyote, litakeni jiji lianze na gharama linazowabebesha lenyewe. Hizo haziwezi kusingiziwa dunia. Nyingi zinaondoka kwa kura moja ya madiwani au kwa waraka mmoja wa mkurugenzi, na baadhi hazipunguzi hata senti kwenye mapato ya jiji.

Nianze na muda, kwa sababu ndio unaodharauliwa kuliko yote. Mwaka 1983 watafiti wa Lima, Peru, walifanya jaribio ambalo wewe kama fundi utalielewa haraka. Walianzisha kiwanda kidogo cha kushona nguo, kisha wakajaribu kukisajili kwa kufuata kila hatua ya sheria. Iliwachukua siku 289. Biashara ya watu wachache na vyerehani vyao iliishi karibu miezi kumi ikiwa njiani kuelekea kibali. Kila siku ya aina hiyo ina mtu anayeilipia, na anayeilipia ni mwenye fremu iliyofungwa. Kampuni kubwa ina karani wa kushinda ofisi za jiji. Wewe karani wako ni wewe mwenyewe.

Niliwahi kukaa siku tatu nyuma ya dirisha la leseni katika ofisi moja ya jiji, kazi yangu ikiwa kutazama na kuandika. Siku ya pili alikuja mama mmoja mwenye saluni. Alikuwa na faili la plastiki, risiti zake zimebanwa kwa mpangilio, na kwa jinsi alivyolishika nilijua kwamba hakuwa anakuja mara ya kwanza. Karani alilipitia, akamwambia inakosekana nakala ya cheti cha afya. Cheti hicho kilikuwa kimetolewa na dirisha la pili, hatua nne kutoka pale tulipokaa. Kumbukumbu yake ilikuwamo kwenye kompyuta ya mwenzake. Mama alishuka ngazi, akavuka barabara hadi kwenye mashine ya nakala, akarudi, akakuta foleni imekwisha kurefuka, na dirisha likafungwa kwa mapumziko ya mchana kabla hajafikiwa. Yule karani hakuwa mtu mbaya. Fomu yake ilikuwa na kisanduku cha nakala, na mkaguzi angemuuliza kwa nini kiko wazi. Kosa lilikuwa la aliyeiandika fomu, na huyo hakuwahi kukaa dirishani.

Dawa ya hali hii haigharimu sana. Jiji lipitishe kanuni kwamba halitamwomba mwananchi karatasi ambayo lenyewe limekwisha kumpa. Vibali vyote vya biashara ndogo viishe tarehe moja, vihuishwe kwa fomu moja na malipo moja. Pawe na ukomo wa siku za kujibu, na kwa biashara zisizo na hatari, kama yako, siku zikipita bila jibu kibali kihesabiwe kimetoka. Kiwanda cha kemikali hakiwezi kupewa kanuni hiyo, na tuseme hivyo waziwazi ili mtu asiitumie kuwapinga.

Halafu ada zenyewe. Angalieni kwanza jinsi zinavyopangwa. Miji mingi hutoza leseni kwa aina ya biashara bila kujali ukubwa wake, hivyo fundi mwenye mashine tatu na mwenye mashine sitini wanakaa kwenye mstari mmoja wa jedwali. Kudai ada ipimwe kwa ukubwa ni haki, na jiji halilazimiki kupoteza chochote, kwa kuwa linaweza kukipata kilekile kutoka kwa walio juu. Jambo la pili ni malipo kwa awamu. Ada ya mwaka inayodaiwa yote kwa mkupuo, katika mwezi ambao mauzo yako chini, huwalazimisha watu kukopa kwa riba ili kulilipa jiji. Igawanywe mara nne na mzigo utapungua ingawa kiasi hakijabadilika. Kwa wanaoanza, San Francisco ilianzisha mwishoni mwa mwaka 2021 mpango wa kuwasamehe wafanyabiashara wadogo wapya ada za usajili na za vibali vya mwanzo kwa mwaka wa kwanza. Naupenda kwa sababu unampunguzia mtu mzigo wakati ule ambao hana mteja hata mmoja.

Faini na malimbikizo ndiyo sehemu ninayoisemea kwa uchungu zaidi, maana nimeona familia zikizama humo. Mtu anachelewa kulipa ankara ya maji. Inawekwa adhabu. Adhabu inazaa riba. Baada ya miaka miwili deni limekuwa kubwa kuliko maji aliyotumia, na mtu huyo haji tena ofisini kwa kuwa anaogopa. Jiji linaandika deni hilo kwenye vitabu kana kwamba ni mali yake, lakini fedha hiyo haipo. San Francisco ilikuwa jiji la kwanza Marekani kuunda, mwaka 2016, kitengo ndani ya ofisi ya mweka hazina cha kuchunguza faini na ada zinazowaumiza maskini. Mwaka 2018 ilifuta ada kadhaa zilizokuwa zikitozwa watu waliopitia mahakamani, na ikasamehe madeni ya dola milioni 32 yaliyowakalia watu wapatao 21,000. Sehemu kubwa ya madeni hayo isingelipwa kamwe. Jiji lilikuwa likilipa watu mishahara wayafukuzie.

Kwa upande wa maji, mfano ninaoupenda ni wa Philadelphia. Tangu mwaka 2017 familia ya kipato cha chini hutozwa maji kwa kulinganisha na kipato chake, kati ya asilimia 2 na 4 ya mapato ya mwezi, badala ya kusomewa mita na kusukumiwa ankara isiyolipika. Hoja yao ilikuwa ya kihasibu kama ilivyokuwa ya huruma: ankara ndogo inayolipwa kila mwezi ina faida kuliko kubwa isiyolipwa. Paris nayo, ilipoirudisha huduma ya maji mikononi mwa jiji mwezi Januari 2010, mwaka uliofuata ilishusha bei kwa asilimia 8, kwa kuwa faida iliyokuwa ikienda kwa kampuni ilibaki ndani ya huduma yenyewe. Sisemi kila jiji likichukua maji litafanikiwa. Mamlaka ya umma yenye mabomba yanayovuja na vitabu visivyokaguliwa inaweza kuwa ghali kuliko kampuni yoyote.

Sasa pango, ambalo najua ndilo linalokukosesha usingizi. Hapa itabidi uniwie subira, kwa sababu majibu ya haraka ndiyo yaliyowaponza wengi.

Jibu la kwanza linalowajia watu ni jiji kuweka ukomo wa kupandisha pango. Novemba 2021 wapiga kura wa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, walipitisha ukomo wa asilimia 3 kwa mwaka kwa nyumba za kupanga, na ukomo huo ukayagusa hata majengo ambayo hayajajengwa. Maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka. Septemba mwaka uliofuata baraza la jiji likalazimika kuyaondoa majengo mapya kwenye sheria hiyo kwa miaka 20. Berlin ilipata pigo la aina nyingine. Ilisimamisha na hata kushusha pango mwaka 2020, na Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria yote, ikisema mamlaka ya jambo hilo ni ya serikali ya shirikisho. Wapangaji waliokuwa wamelipa kidogo wakajikuta wanadaiwa tofauti. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwanasheria wa jiji liwe: jambo hili liko ndani ya uwezo wetu kisheria? Ukomo wa pango unaweza kumlinda mpangaji aliyepo asipandishiwe ghafla, na mimi siupingi ukiandikwa kwa uangalifu. Lakini hauongezi chumba hata kimoja.

Kinachoongeza vyumba ni ardhi na ruhusa ya kujenga, na vyote viwili viko kwa jiji. Auckland, New Zealand, ilibadilisha mpango wake wa matumizi ya ardhi mwaka 2016, ikaruhusu nyumba nyingi zaidi kwenye takriban robo tatu ya maeneo yake ya makazi. Ndani ya miaka michache vibali vya ujenzi vya mwaka vilifika maradufu. Muulizeni meya wenu ni mitaa mingapi ambako sheria inakataza kujenga ghorofa ya pili, au kuweka fremu chini na makazi juu. Kila katazo la namna hiyo linaongeza foleni ya wanaogombea fremu kama yako, na mwenye nyumba huipanga bei kwa kutazama urefu wa foleni hiyo.

Njia nyingine ni ndefu, nayo ni jiji lenyewe kujenga. Vienna ilianza mwaka 1923 kwa kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba iliyowabana zaidi wenye nyumba za kifahari. Kufikia mwaka 1934 ilikuwa imejenga makazi zaidi ya 60,000. Haikuziuza. Leo jiji linamiliki nyumba takriban 220,000, na karibu nusu ya wakazi wanaishi ama kwenye nyumba za jiji ama kwenye zile zilizojengwa kwa msaada wa umma. Miji mingine iliyojenga kisha ikauza, sasa inakodi vyumba kwa bei ya soko ili kuwahifadhi wasio na makazi. Ninapomshauri diwani kuhusu kiwanja cha jiji, neno langu la kwanza ni asikiuze. Akodishe kwa muda mrefu na aweke masharti.

Masharti hayo yanaweza kufanya maajabu. Belo Horizonte, Brazili, chini ya meya Patrus Ananias, iliunda mwaka 1993 idara ya kushughulikia upatikanaji wa chakula. Moja ya mbinu zake ilikuwa kuwapa wafanyabiashara binafsi maeneo mazuri ya jiji, yenye wapita njia wengi, kwa sharti kwamba bidhaa kadhaa za msingi waziuze kwa bei iliyowekwa na jiji, na nyingine waziuze wapendavyo. Mfanyabiashara alipata eneo ambalo asingelipata, mkazi akapata chakula kwa bei nafuu, na jiji likatoa kitu ambacho tayari lilikuwa nacho. Programu yote ya chakula ilikuwa ikichukua chini ya asilimia 2 ya bajeti ya jiji. Fikirieni jengo la jiji lililo tupu karibu nanyi, au ghorofa ya chini ya ofisi inayotumika kama stoo ya viti vibovu. Hizo ni fremu.

Nikugeuzie upande wa mapato sasa, kwa sababu gharama zikikataa kushuka, mauzo yanaweza kupanda. Jiji ni mteja. Linanunua sare za wafanyakazi, mapazia ya hospitali, chakula cha shule, matengenezo ya paa. Kule Preston, Uingereza, baraza la mji liliwakusanya wanunuzi wakubwa wa umma, wakiwamo polisi na chuo, likahesabu fedha zao zinakwenda wapi. Mwaka 2013 ni asilimia 5 tu iliyobaki Preston. Baada ya kubadilisha namna ya kununua, kufikia mwaka 2017 ilikuwa asilimia 18, yaani kutoka pauni milioni 38 hadi milioni 112. Hakuna aliyepewa ruzuku. Walichofanya ni kuivunja mikataba mikubwa vipande vipande ili wadogo waweze kuomba.

Wewe huwezi kuomba zabuni ya sare 5,000 yenye dhamana ya benki. Ila sare 200 kwa ajili ya wafagizi wa kata moja, wewe na mafundi wenzako wawili mnaimaliza ndani ya mwezi. Daini zabuni zigawanywe, na dhamana iondolewe kwa kazi ndogo.

Halafu daini jambo ambalo mimi ningeliweka juu ya ruzuku zote: jiji lilipe kwa wakati. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 linaitaka taasisi ya umma imlipe muuzaji ndani ya siku 30 kwa kawaida, na ikichelewa ilipe riba. Pale pasipo na kanuni kama hiyo, nimeona ankara ya fundi mdogo ikikaa juu ya meza miezi saba. Katika miezi hiyo fundi amelipa kitambaa, amelipa mishahara, amekopa kwa riba ili fremu isifungwe. Huyo amelikopesha jiji bila kuombwa. Baadhi yao hufunga biashara huku jiji likiwa ndilo mdaiwa wao mkubwa.

Nauli ya mabinti wako nitaigusa kidogo. Tallinn, Estonia, iliondoa nauli kwa wakazi wake waliosajiliwa mwaka 2013. Abiria waliongezeka, na watu wengi walijisajili kuwa wakazi, jambo lililoliongezea jiji mgao wa kodi ya mapato. Ni mfano mzuri pale ambapo jiji linaendesha mabasi lenyewe. Mimi, kwa fedha ileile, ningeanza na tiketi nafuu kwa wenye kipato cha chini na mabasi yanayokuja kwa wakati. Binti anayesubiri kituoni saa nzima amepoteza ujira, hata kama safari yenyewe ni ya bure.

Na kama jiji litachimba barabara mbele ya fremu zenu, litakeni ratiba kwa maandishi, njia ya waenda kwa miguu wakati wote wa kazi, na punguzo la ada kwa miezi ile. Duka dogo likikosa wateja miezi mitatu halifufuki kwa lami mpya.

Yapo mambo ambayo ningewaomba msiyadai, ingawa yanapendeza masikioni. Msiombe msamaha wa kodi ya majengo kwa wote. Faida yake kubwa itakwenda kwa wenye majengo makubwa, na hakuna kinachomlazimisha mwenye nyumba wako akupunguzie wewe pango. Msiombe fedha za mkono kwa mkono za mara moja kabla hamjamaliza habari ya ada, maana zitatolewa kwa sherehe na picha, kisha zitarudi jijini kwa njia ya faini. Na msidai wachuuzi wa nje wafukuzwe, hata kama wanawapunguzia wateja. Nao wanapandishiwa bei kama ninyi, na mchuuzi mwenye eneo lililopangwa na kibali cha bei ndogo hulipa ada kila mwezi badala ya kukimbia.

Meya atawauliza fedha zitatoka wapi. Ni swali la haki, na mliheshimu. Jiji lisilokusanya chochote haliwezi kuzoa taka wala kuzibua mifereji, na mafuriko ndani ya fremu ni gharama kubwa kuliko leseni. Mwambieni kwamba kuondoa nakala na foleni hakuhitaji fedha mpya. Kulipa kwa awamu hakupunguzi jumla. Zabuni ndogo zinatumia fungu lilelile. Kwa yanayohitaji fedha, kama ankara za maji kwa kipato, muulizeni viwanja vitupu vya katikati ya jiji vinalipa kodi kiasi gani, na tathmini ya majengo ilifanywa lini mara ya mwisho. Kodi ya majengo ikikokotolewa kwa thamani za zamani, aliye katikati ya jiji hulipa pungufu, na pengo linazibwa na ninyi kwa ushuru wa mabango.

Mkirudi kwake, nendeni kabla bajeti haijapelekwa kwa madiwani, kwa maana baada ya hapo kila kitu ni maombi. Msipeleke malalamiko ya jumla. Pelekeni daftari: wafanyabiashara kumi wa mtaa, kila mmoja na orodha yake ya mwaka, alama zikiwa pembeni ya kila kilichopangwa na jiji, na idadi ya siku alizofunga mlango kwa ajili ya karatasi. Jumlisheni chini. Kisha mwombeni ajibu mstari mmoja mmoja, mbele ya mweka hazina wake, ni upi anaweza kuushusha mwaka huu, ni upi mwakani, na ni upi hawezi na kwa sheria ipi. Mtu wenu mmoja ayaandike majibu hayo na tarehe ya siku hiyo.